UZI: Gari gani la kazi lafaa shamba lenye mchanga na mteremko huku Matuga? Nyumbani tumebishana wiki tatu

mwanamatuga
Assalam alaykum, na hamjambo nyote. Naja kwenu kwa sababu nyumbani tumebishana wiki tatu sasa hatujafika popote, na pesa iko tayari, naogopa tukichelewa itaingia kwa mambo mengine kama kawaida ya pesa.

Shamba la baba liko Matuga, ukitoka Kombani waingia ndani kama kilomita nne za murram halafu kipande cha mwisho ni mchanga mtupu. Ekari 14. Minazi mingi ya zamani, miembe, mihogo, mikorosho kidogo, na ng'ombe watatu wa maziwa. Nyumba na stoo ziko juu, kisima kiko chini bondeni, na hapo kati pana mteremko ambao masika ikiingia huwa utelezi wa kumwangusha mtu na mzigo wake. Mpaka leo kila kitu chabebwa kwa mkokoteni, maji, nazi, mbolea ya ng'ombe, kuni, makuti, saruji tukiwa na fundi. Tulikuwa na vijana wawili wa kusukuma, mmoja keshaondoka kaenda Mombasa kuendesha boda, na baba ana miaka 67 na mgongo umeshaanza kumsumbua lakini ukigeuka tu wamkuta keshaushika mkokoteni mwenyewe. Hilo ndo linaninyima usingizi, si nazi wala mihogo.

Sasa kaka yetu yuko Marekani, yeye ataka kututumia UTV, vile vigari vya shamba vya wazungu vyenye viti viwili na kasha nyuma, asema huko kila mkulima anayo. Mdogo wangu asema tuchukue pikapu ya dizeli hata kama imechoka. Mama yeye amewaona watu wa Tiwi na tuktuk ya mizigo ataka hiyo. Pesa tuliyochanga ni laki nane, tukikaza sana tisa. Mie naishi Kisauni naenda shamba Ijumaa mpaka Jumapili, siku hizi nashukuru barabara ya Dongo Kundu imefunguka sikai tena foleni ya feri. Nisaidieni kwa ukweli, hasa wenye shamba la mchanga.

pwani_moto
Probox. Yabeba kila kitu na spea ziko kila kona.

mwanamatuga
@pwani_moto nashukuru kaka lakini Probox ya jirani ishatolewa kwenye ule mchanga na ng'ombe wetu mara mbili mwaka huu. Tumbo liko chini.

fundi_changamwe
Dada yangu kabla hatujakutajia gari naomba ujibu mambo manne, kwa sababu watu wengi waniletea gari ambalo kosa lake si injini, kosa ni lilinunuliwa kwa kazi nyingine likapewa kazi nyingine.

Moja, mzigo mzito kabisa wa siku ya kawaida ni kilo ngapi, si siku ya harusi wala siku ya kujenga, siku ya kawaida. Pili, safari ngapi kwa siku na umbali gani, kwa sababu injini ya kwenda mita 400 na kuzima, mita 400 na kuzima, haifiki joto lake kamili na hiyo dizeli kubwa ya pikapu itachafuka masizi ndani na betri itakufa mapema. Tatu, lami utaiona mara ngapi, maana ukigusa barabara tu ni nambari, bima, leseni, askari. Nne, na hii ndo kubwa, likiharibika Jumanne asubuhi masika nani atalitengeneza na spea itatoka wapi. Usinijibu kwa kukisia. Nenda na daftari wiki nzima uandike, kila mkokoteni unaopita andika umebeba nini. Baba akuone waandika atacheka lakini andika.

mtwapa_juu
Mie nina pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu mwaka wa tatu sasa, ile yenye usukani wa pikipiki na kasha nyuma, si ya abiria. Nitasema mazuri kwanza maana imenilisha. Fundi yeyote wa boda aifungua, cheni, klachi, plagi, kebo, vyote vyapatikana mpaka dukani kwa mwenye kiosk. Mafuta yala kidogo. Kasha ni kubwa, makuti na magunia ya makaa yaingia vizuri, na ina gia ya rivasi.

Lakini mchanga, dada. Gurudumu la mbele ni moja na ndilo linalochimba. Ukiwa na mzigo nyuma mbele yawa nyepesi, usukani haushiki, ukikata kona kwenye mchanga mbele yaenda moja kwa moja wewe ukiwa umegeuza. Na mteremko ndo usiniulize. Mwaka jana nilikuwa nateremka na mawe ya matumbawe nikakata kona kidogo tu kukwepa mbuzi, gurudumu moja la nyuma likanyanyuka, nikaruka, ikalala ubavu. Nilivunjika mfupa wa bega. Nilikuwa nimezidisha mzigo na nilikuwa naenda mbio kuliko inavyofaa, hilo nalikubali, lakini chombo cha magurudumu matatu hakikupi nafasi ya kukosea mara mbili. Kama shamba lako ni tambarare ningekwambia chukua kesho. Kwa huo mteremko wa kisimani na mzee wa miaka 67, usimpe. Na ukiitoa barabarani kumbuka leseni yake ni A3, si ile ya gari.

bintikaloleni
Pole sana @mtwapa_juu, alhamdulillahi ilikuwa bega. Huku kwetu kuna kijana hakuinuka.

ng'ambo_nilirudi
Naomba nizungumzie UTV kwa sababu nadhani hapa ni mie peke yangu nimeifanyia kazi. Nilikaa Marekani miaka minne kwenye shamba la ng'ombe, asubuhi mpaka jioni nilikuwa juu ya hicho kitu, kwa hivyo kaka yako hasemi uongo. Kawasaki Mule, John Deere Gator, Polaris Ranger, Kubota RTV, hayo ndo majina utakayoyasikia. Ni vyombo vizuri sana. Matairi mapana ya upepo mdogo yaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba, fo-wili ipo, yaani magurudumu yote manne yasukuma, chini pana nafasi kubwa, kasha lajimwaga lenyewe ukivuta kishikio, na juu ya kichwa pana vyuma vya kukulinda kikipinduka ukiwa umefunga mkanda. Ile kubwa ya Polaris, Ranger XP 1000, kasha lake labeba kama kilo 450 na yavuta trela ya zaidi ya tani moja. Kwa kazi ya ndani ya shamba hakuna kinachoishinda, nasema kweli.

Lakini ngoja nimalize. Nyingi zao hazina gia za kawaida, nguvu yapelekwa magurudumuni na mkanda wa mpira unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Ukivuta mzigo mzito polepole kwenye mchanga au kupanda kilima bila kuweka gia ya chini, mkanda wapata moto, wateleza, wanuka, wakatika. Kule mkanda waununua dukani jioni hiyo hiyo. Hapa? Utaungoja kwa ndege. Kubota RTV za dizeli hazina mkanda huo, zasukumwa kwa oili yenye presha, hizo ni ngumu na ni za polepole na kwa kazi yenu zingekuwa bora, lakini nazo filta na oili yake si kitu cha kuokoteza. Halafu bei. Mpya hata ile ya wastani yapita dola 10,000 kule kule kabla ya meli, kabla ya ushuru. Kwa laki nane mtapata iliyotumika, na UTV iliyotumika na mkulima imetumika kweli kweli.

La mwisho, nyingi usukani uko kushoto na zimetengenezwa zisitembee barabarani. Kaka yako asilipe hata senti kabla hamjakaa na ajenti wa kutoa mizigo pale bandarini Kilindini mkamuuliza itaingia kwa daraja gani na itasajiliwa au haitasajiliwa. Msije mkaambiwa baada ya kontena kufika.

Na akibadilisha akasema basi nitume kwodi ile ya kukalia kama pikipiki, mkataeni kwa heshima. Australia wakulima walikufa sana nazo kwa kupinduka mpaka tangu Oktoba 2021 kwodi mpya ya kazi haiuzwi kule bila chuma cha kumkinga dereva.

mwanamatuga
Subhanallah. Sikujua hata moja kati ya haya. @ng'ambo_nilirudi nimempelekea kaka maneno yako yote kama yalivyo. @fundi_changamwe daftari nimelinunua, wikendi hii nakaa shamba mpaka Ijumaa ijayo, nimeomba ruhusa kazini.

mzee_kinango
Wanangu nami niseme, ingawa mtaniona wa zamani. Kinango huku maksai wawili na mkokoteni wa matairi ya gari wabeba mzigo ambao hiyo pikipiki haiwezi, mafuta yao ni nyasi, na wakizeeka wauzwa kwa bei nzuri, gari likizeeka lauzwa chuma chakavu. Mchanga si kitu kwao wala matope. Mwenye subira atazame na huku pia.

mwanamatuga
Shikamoo mzee wangu. Baba amefurahi sana nilipomsomea, asema wewe ndo mtu pekee mwenye akili humu. Tatizo letu ni ndorobo mzee, hawa mbung'o, tuko karibu na msitu wa Shimba Hills, hawa watatu wa maziwa tu kuwalinda ni dawa kila mara na tushapoteza mmoja. Na wa kuwaongoza maksai kila siku hatuna, huyo kijana aliyebaki naye macho yako barabarani.

mzee_kinango
Marahaba mwanangu. Kweli, ndorobo wa Shimba simpingi. Basi angalia mengine, lakini huo mkokoteni wa matairi msiutupe, utafaa kufungwa nyuma ya chochote mtakachonunua.

bintikaloleni
Nilikuwa nangoja nafasi. Sisi Kaloleni twatumia kale kapikapu kadogo ka Kijapani, uso bapa, injini iko chini ya kiti au chini ya kasha. Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, Honda Acty, hizo. Sheria ya Japani kwa gari la daraja hilo ni injini isizidi cc 660, urefu mita 3.4, upana mita 1.48 na mzigo ulioandikwa ni kilo 350. Watu waona hizo namba wacheka, mie nilicheka pia kabla baba mdogo hajaileta shamba. Ukiichukua ya fo-wili na gia za mkono, na Carry za hivyo nyingi zina na gia ya chini, yapanda mahali ambapo pikapu kubwa yajizika kwa uzito wake. Yapita baina ya minazi bila kukata kitu, mbao za kando za kasha zafunguka pande tatu kwa hivyo hunyanyui nazi juu sana, mtu mmoja apakia. Kuna na zilizotengenezwa maalum kwa wakulima wa mpunga zina kifungo cha kufunga difu, yaani gia za ekseli, ili magurudumu ya nyuma yote mawili yazunguke pamoja, ukiipata hiyo usiiwache.

Nikupe na siri ya spea kwa sababu hii ndo iliyotutesa mwanzo. Kampuni zile zauziana, kwa hivyo Nissan Clipper, Mazda Scrum na Mitsubishi Minicab za miaka hii ya karibuni ni Carry yenye nembo nyingine, na Subaru Sambar ya kuanzia 2012 ni Hijet. Sisi tulikuwa twazunguka maduka ya spea tukiuliza jina moja tu twaambiwa hakuna, kumbe kipo rafuni kwa jina jengine. Acty yenyewe walisimamisha kuiunda 2021 kwa hivyo mbele huko spea zitapungua.

Ubaya wake nao niseme. Matairi ni inchi 12, madogo, shimo kubwa walisikia mgongoni. Kwa barabara kuu ya Mariakani na malori yale roho yakuwa mkononi, mbele yako hakuna bodi, ni miguu yako na bati. Na kutu. Angalia sana ile iliyotoka kaskazini ya Japani kwenye theluji, kule wamwaga chumvi barabarani, juu yang'aa chini chesisi imeliwa. Omba karatasi ya mnada wa kule inayoeleza hali ya gari na picha za chini, si za viti. Na isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza kule, hiyo ndo sheria yetu ya kuingiza.

dereva_kenta
Kilo 350 na huyu dada ana ekari 14 za minazi? Siku ya kuangua atafanya nini? Achukue pikapu ya tani moja amalize mambo.

fundi_changamwe
@dereva_kenta ndugu yangu siku ya kuangua ni mara nne kwa mwaka, siku hiyo atakupigia wewe uje na lori lako la Kenta. Hununui gari kwa siku nne ukalilisha siku 361. Pikapu ya tani moja kwa laki nane mwaka huu najua itakuja hali gani kwa sababu zalala hapa kwangu uwanjani.

mwanamatuga
Nimerudi na daftari. Samahani ni ndefu.

Siku saba, mkokoteni umetoka mara 61. Nilipohesabu nilikaa chini. Mara 43 kati ya hizo zilikuwa za maji. Kila siku ni mitungi 30 ya lita 20, yaani lita 600, yaani kilo 600 zapandishwa kile kilima kila siku iendayo kwa Mungu. Ng'ombe wanywa sehemu kubwa, ilobaki nyumbani na kitalu cha miche. Zile safari 18 zilobaki ni mbolea saba, kuni nne, nyasi za ng'ombe tano, na mihogo mara mbili kutoa mpaka barabarani, na hakuna hata moja nadhani iliyopita kilo 250. Lami tumeigusa sifuri, kwa sababu mnunuzi wa mihogo aja mwenyewe na pikapu yake hapo njia panda. Nazi twaangua kila miezi mitatu kama 2,000.

fundi_changamwe
Dada umeona mwenyewe? Wewe hukuwa na tatizo la gari. Una tatizo la maji, na umelibebesha mkokoteni, na sasa ulikuwa wataka kulibebesha gari. Kutoka kisimani mpaka juu ni urefu gani wa kupanda, si wa kutembea?

mwanamatuga
Kijana mmoja wa ujenzi alinipimia kwa kile kipimo cha mpira wa maji, mita 18.

fundi_changamwe
Basi sikiliza. Lita 600 kupanda mita 18 kwa siku nzima ya jua ni kazi ndogo sana kwa pampu, pampu ndogo ya kisima na paneli moja au mbili za sola zaifanya na muda wabaki, hata ukihesabu nguvu inayopotea kwenye bomba. Weka tangi la lita 5,000 hapo juu karibu na zizi likupe siku kadhaa za mawingu. Maji yatapanda yenyewe baba akiwa amekaa barazani. Pesa ya kaka yako ya meli ya UTV iende hapo. Ukishaondoa zile safari 43, iliyobaki yote yaingia kwa kale kapikapu ka @bintikaloleni bila kukazidisha hata siku moja. Nazi 2,000 zikiwa na maganda yake, tuseme kilo moja na robo mpaka moja na nusu kila moja, ni kama nazi 225 kwa safari, safari tisa mpaka njia panda, siku moja na mapumziko ya chai ndani.

ng'ambo_nilirudi
Mie niliyesifu UTV nakubaliana na fundi mia kwa mia. Kule tulikuwa twazitumia kwa sababu maji yalikuwa yashafika kila zizi kwa bomba. Hilo sikuwahi hata kulifikiria mpaka leo.

mtwapa_juu
Nimesoma hilo daftari mara mbili. Kesho naanza langu.

mwanamatuga
Wapendwa, miezi mitano imepita na nilisema nitarudi.

Kaka alinuna wiki moja, sitaficha, alikuwa keshaichagua UTV mpaka rangi. Nilimtumia picha za daftari kurasa zote saba akapiga simu usiku akasema sawa, akalipa pampu, paneli mbili na tangi. Maji yalifika juu siku ya Jumatano, mama alifungua bomba akalifunga akalifungua tena, halafu akaenda kumwita jirani.

Gari tumepata Carry ya fo-wili ya gia za mkono, kifungo cha difu kipo. Bajeti ilitoboka kidogo kwa sababu ya ushuru, mdogo wangu akaongeza. Ya kwanza tuliyooneshwa yadi moja hapa mjini ilikuwa safi juu, @bintikaloleni nikakumbuka maneno yako nikalala chini na tochi, chuma cha chesisi nilikitoboa kwa kidole nikaondoka bila kusema neno. Hii tuliyochukua karatasi ya mnada tuliiona mwanzo, na kabla haijaenda shamba tuliipaka chini dawa ya kutu mara mbili. Masika yote imepanda kile kilima. Kwenye mchanga twapunguza upepo wa matairi kidogo na tuna pampu ya mguu ya kuujaza tukitoka kwenye murram. Imekwama mara moja tu, kosa langu, nilisahau kutia fo-wili.

Mkokoteni wa matairi haukutupwa, mzee wangu wa Kinango, umefungwa ndoano nyuma na wabeba makuti kwa sababu ni mepesi na marefu. Baba asema hiyo ilikuwa fikra yake.

@fundi_changamwe swali moja, oili ya difu ya mbele nabadilisha kwa kilomita au kwa miezi? Maana kwa mwendo wetu wa ndani ya shamba hizo kilomita hazitafika kesho.

fundi_changamwe
Mashaallah. Kwa miezi dada, safari fupi zaacha unyevu ndani. Kila mwaka masika ikiisha fungua tazama, ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, badilisha siku hiyo hiyo na uangalie sili. Na kila Ijumaa ukifika ioshe gari chini kwa maji baridi ya kisima, upepo wa kusi huleta chumvi mpaka huko Matuga.

mwanamatuga
Sawa fundi. Maji sasa yapo ya kuiosha.